Zinia Katika Shamba la Kunde

Wapendwa, nasimama kukiri kosa ambalo njaa yake mliionja ninyi.

Nilipomaliza chuo cha kilimo nikarudi hapa Matiliku, mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, ulinipokea kwa heshima nisiyoistahili. Kina mama wale, ambao hulimiana mashamba kwa zamu, walinikabidhi shamba la chini kando ya mto, tulipozoea kupanda kunde za pamoja. Nikawashauri tupande maua ya zinia, tuuze mbegu zake. Mama mmoja mzee akauliza, "Na mvua ikikataa, msomi, tutachemsha maua?" Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Chuoni nilifundishwa kwamba zinia huoteshwa kitaluni, chini ya kivuli. Lakini kina mama walipofukia mbegu katika vumbi kabla ya mvua, kama tupandavyo mahindi, sikuwazuia. Kitalu kilidai subira. Mimi nilitaka shamba zima liwake rangi. Manyunyu ya siku moja yakaziamsha mbegu, kisha jua likaziua zote. Mvua haikurudi.

Ndugu zangu, nawaambia, maghala yalipobaki matupu hatukuwa na hata jani la kunde. Mjukuu wa yule mama mzee alidhoofika, surua ikamkuta katika hali hiyo, tukamzika. Watu walisema ni surua. Mimi nilijua alichokosa.

Sokoni nilisikia, "Msomi, leo umetupikia ua gani?" Nikaacha kwenda sokoni. Nikaacha na kanisa.

Mvua zilipokaribia tena, asubuhi moja nilisikia majembe. Mwethya wote ulikuwa shambani kwangu. Yule mama mzee akaita, "Toka nje! Zamu ni yako."

"Mama, sistahili."

"Nani amekuuliza kustahili? Jembe lako liko wapi?"

Tulilima hadi adhuhuri. Hakuna aliyesema amenisamehe, wala sikuthubutu kuuliza.

Msimu ule kunde zilirudi shambani kando ya mto. Zinia niliziotesha katika debe kuukuu, kwa maji tuliyooshea vyombo. Ua la kwanza lilipochanua, jekundu, nilitaka kulipeleka kwenye kaburi la mtoto. Bibi yake akanishika mkono. "Usilikate. Liache likauke, unipe mbegu."

Leo zinachanua pale kaburini, alizipanda mwenyewe.

Nawashukuru ninyi mliokuja na majembe kabla sijapata ujasiri wa kuwaomba. Mbegu nimeziweka pale mlangoni pa kanisa, kila mmoja achukue kidogo. Ziotesheni kitaluni. Shamba la chini, nawasihi, pandeni kunde.