Mzee Magese Nkinda na Trekta Dogo la Shamba la Miti

Mzee Magese Nkinda, dereva wa trekta la shamba la miti la kinu chetu cha pamba na mafuta hapa Bariadi, anastaafu leo tarehe 30 Juni 1999 baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Alizaliwa Ipililo, wilaya ya Maswa, na ofisi inasema huko ndiko atakakorudi. Ofisi haisemi atarudi kwa nani. Mkewe, marehemu mama Lukresia, tulimzika miaka mingi iliyopita. Binti yake wa pekee, Elina, ameolewa Mwanhuzi, na mzee wa Kisukuma hahamii kwa mkwewe hata kama mkwe mwenyewe ni malaika. Nyumba ya Ipililo ina kufuli. Ndiyo maana tangu Pasaka kinu kizima kinaulizana jambo moja tu: huyu mtu atakaa na nani?

Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika maneno haya. Karani alisema ana kazi nyingi, wakanijia mimi, Athanasi Masunga, dereva wa lori. Shule niliishia darasa la tano, sifichi, lakini barabara nimezisoma zote. Mombasa nimefika, Kampala nimefika, Lubumbashi nilikaribia. Mtu aliyeiona dunia kiasi hicho hawezi kushindwa kumwandika mtu mmoja wa Ipililo. Palipopinda mnyooshe wenyewe.

Mzee Magese aliajiriwa mwaka 1968, enzi za ushirika, akiwa kibarua wa kuchimba mashimo ya miche. Ile mikaratusi mnayoiona mkielekea mtoni, mingi shimo lake kachimba yeye. Ilipokua ikaanza kukatwa kulisha boila, maana mbegu ya pamba haitoi mafuta bila mvuke, na mvuke hauji bila kuni. Hapo akawekwa kwenye genge la magogo, na baadaye akawa kiongozi wake.

Lilikuwa genge hasa. Masele alikokota magogo kwa ng'ombe, na wale ng'ombe aliwasifu kwa majina kuliko alivyowahi kumsifu mke wake. Thomasi alipasua kwa shoka; alikuwa na mabega ya watu wawili na njaa ya watatu. Mama Benedikta aliwapikia pale pale shambani, na hakuna aliyethubutu kumwambia ugali haujaiva.

Genge hilo lilikuwa na desturi yake. Kabla mti haujaangushwa au gogo halijavutwa, Magese aliita kwa sauti kubwa, "Mpo?" na kila mmoja aliitika kutoka alipo, ajulikane hayuko chini ya mti wala mbele ya gogo. Asiyeitika, kazi ilisimama mpaka aonekane. Nilipokwenda kupakia kuni niliwasikia kutoka mbali. Masele: "Nipo, ila ng'ombe wanataka kustaafu!" Thomasi: "Nipo! Ugali upo?" Na mama Benedikta kutoka jikoni: "Ugali upo, wewe kaa mbali na sufuria!" Watu walicheka, lakini katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeangukiwa na mti. Sifa hiyo ni ya Mzee Magese, naye hajawahi kuidai.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, ushirika ukalegea, kinu kikapata mwenyewe mpya, na neno jipya likaingia Bariadi: kupunguzwa. Mwaka 1995 likashushwa pale getini trekta dogo la mtumba kutoka Japani. Dogo kweli. Walinzi walicheka wakauliza mama yake yuko wapi. Kila wenzo ulikuwa na kibandiko cha Kijapani na hakuna aliyejua kinasema nini. Wakaniita mimi kama mtu wa dunia. Nikatazama kibandiko kimoja kwa muda mrefu, nikasema hii ni breki. Ikawa breki kweli. Mpaka leo sijaeleza nilijuaje, wala leo sielezi.

Mzee Magese, aliyekuwa amekwisha kuota mvi, akajifunza kulipanda. Na hapa niseme mbele ya vijana wa karakana, maana wengi wanadhani trekta ni usukani tu. Trekta dogo ukilifungia gogo mahali pa juu linasimama kwa miguu ya nyuma kama beberu na kukulalia. Yeye alifunga mnyororo chini kabisa, akainua pua ya gogo kidogo lisichimbe ardhi, akavuta moja kwa moja, kamwe si kwa ubavu. Aliponyanyua magogo kwa uma wa mbele alining'iniza nyuma sanduku la mawe ili tairi za nyuma zisielee, na mzigo aliubeba chini karibu na ardhi kama mama abebavyo sufuria ya maziwa. Hajalipindua hata siku moja. Mimi lori nimelipindua mara mbili, na ni dereva bora mkoa huu.

Lakini lile trekta halikuja peke yake, lilikuja na vifaa vyake, kimoja baada ya kingine. Kwanza ilikuja winchi ya kufunga nyuma, yenye kamba ya chuma inayovuta gogo kutoka bondeni. Mwezi ule ule Masele akapunguzwa, ng'ombe wakauzwa. Ikaja mashine ya kupasulia, inayosukuma gogo kwenye kisu cha chuma kwa nguvu ya injini, na Thomasi akaweka shoka begani akaenda kwao. Mama Benedikta hakuletewa mashine ya kuchukua nafasi yake. Hapakuwa tena na wa kupikiwa.

Bosi, najua umekaa kiti cha mbele, na sikulaumu. Kuni zilikuja nyingi kuliko zamani na mishahara yetu sisi tuliobaki haijachelewa. Nasema tu jinsi ilivyokuwa. Kila kifaa kilichofungwa kwenye lile trekta, mtu mmoja aliondoka msituni, mpaka akabaki Magese na chuma.

Yeye akavipa vifaa majina. Winchi akaiita Masele. Mashine ya kupasulia akaiita Thomasi. Tulimcheka karakana nzima alipoleta ile mashine na kumwambia fundi, "Thomasi anavuja mafuta, mtazame goti." Fundi akajibu, "Huyu Thomasi wako sasa hali ugali, anakunywa dizeli." Mzee akacheka pamoja nasi. Halafu akakaa pale kwenye benchi, mashine imekwisha kutengenezwa, jua limekwenda, na hakuondoka. Tulidhani anasubiri spea. Hakuwa anasubiri spea.

Ile desturi ya kuita hakuiacha. Alifunga mnyororo mwenyewe, akarudi kwenye trekta mwenyewe, akaita "Mpo?" kwa miti, akasubiri kidogo, ndipo akavuta wenzo. Siku moja mwaka juzi aliita hivyo, na kumbe kwenye kijito walikuwapo akina mama wawili wakiokota vijiti vikavu, mmoja wao ni Evalina muuza maandazi wa hapa getini. Evalina akaitika, "Tupo!"

Mzee akazima trekta. Akashuka, akawafuata, wakasalimiana kwa Kisukuma, na salamu ya Kisukuma mnaijua: uliamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, mvua huko kwenu imeamkaje. Salamu zilipoisha walikaa chini. Evalina anasema aliwahadithia habari za ng'ombe wa Masele, mmoja mmoja, kwa majina na tabia zao, na kila walipotaka kusimama aliwaletea hadithi nyingine. Huku kinuni kuni zikaisha, mvuke ukashuka, mashine za mafuta zikasimama kimya. Bosi alikwenda mwenyewe mpaka shambani kwa gari, akawakuta watatu wamekaa juu ya gogo.

"Magese! Boila imezimika kwa sababu ya salamu?"

Mzee akavua kofia. "Bosi, waliitika."

Aliandikiwa onyo, na hilo ndilo doa pekee katika utumishi wake wote. Mimi nimelitaja hapa kwa makusudi, kama cheti.

Kazi yake iliyosifiwa kuliko zote ni ile ya mvua za El Nino. Lori langu limejaa robota za pamba, likazama kwenye tope karibu na shamba la miti mpaka mlango haufunguki. Nilitokea dirishani. Matrekta makubwa ya watu yalikuja, yakateleza, yakaondoka na matusi yangu. Mzee Magese akaja na kile kitoto cha Kijapani. Nikamwambia, "Mzee, rudi nyumbani, utalivunja kiuno." Alikipeleka mbali, kwenye ardhi ngumu, akakifunga kwa mnyororo kwenye mkaratusi mnene, akapitisha kamba ya winchi kwenye puli mpaka kwenye lori langu, akaita "Mpo?" Safari hii nilikuwapo mimi, nikaitika kwa sauti ya kanisani. Lori likatoka taratibu, kama jino.

Jioni ile barabara ilikuwa haipitiki, nikalala kwenye kibanda chake. Akaweka sufuria motoni, akasonga ugali. Nikatazama ile sufuria, nikatazama nyuma yangu kama kuna wageni. Ulikuwa ugali wa watu wanne. Nikasema, "Mzee, mimi nasifika kwa kula, lakini huu umenizidi." Akasema mkono wake haujui kupima wa mtu mmoja, kila siku anajaribu, kila siku unakuwa ule ule, unaobaki anawapa kuku wa jirani. Alisema hivyo huku anatabasamu, kama mtu anayesimulia kichekesho. Mimi ninayecheka hata msibani, sikucheka. Nilikula mpaka nikaumwa tumbo.

Sasa nirudi kwenye lile swali la atakaa na nani. Thomasi alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Masele anauza samaki Lamadi na ametuma salamu, lakini hakuweza kuja. Mama Benedikta yupo hapa leo, ndiye aliyesimamia pilau, na kama haujaiva simwambii mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda shambani kuchukua mzigo wake wa mwisho. Nilimkuta anapaka grisi kamba ya winchi, taratibu, kidole kwa kidole, kazi ambayo dereva ajaye atalazimika kuisifu. Nikamwambia nilichokwisha kumwambia mke wangu Milembe, na Milembe akakubali kabla sijamaliza sentensi. Kaya yangu ya Zagayu ni kubwa, sijisifu, kila mtu anajua. Kuna nyumba ya pembeni imeezekwa upya. Kuna watoto wasiohesabika na wajukuu wasiosikia. Jioni shikome linawashwa uwanjani, wanaume wote wa kaya wanakaa kuuzunguka moto, chakula kinaletwa pale pale, na hakuna anayenawa mpaka wote wamekaa. Njoo ukae nasi, nikasema. Siyo mgeni. Ukae.

Aliendelea kupaka grisi. "Ipililo ndiko kwetu, Athanasi."

"Ipililo haihami. Mwezi mmoja mmoja nitakupeleka kwa lori ukaifagie nyumba. Kaburi la mama Lukresia tutalipalilia wote."

"Watu watasema nimekwenda kulelewa."

"Watasema Athanasi amempata mzee wa kumkanya, na wamesubiri hilo muda mrefu."

Hakucheka. Alimaliza kamba yote, akafunika kopo la grisi, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akakikunja kile kitambaa kama mtu anayekunja sanda. Nilidhani anatafuta namna ya kunikatalia bila kuniumiza, kwa kuwa ndivyo alivyo.

Kisha akauliza, "Kwako mnakula saa ngapi?"

Mzee Magese, siku ile nilikimbilia kwenye lori nikasingizia betri. Kwa hiyo nakujibu leo, mbele ya bosi, mbele ya kinu kizima, na kwa maandishi ili nisije nikageuka. Kwa niaba ya wote uliowapa moto kwa miaka thelathini na moja, asante. Mungu akupe afya, usingizi mtamu na siku ndefu zenye kelele za watu.

Tunakula jua likizama. Ukichelewa tutakusubiri.

Athanasi Masunga, dereva wa lori