Wiki ya Kula Nyumbani

Benchi letu la Burungu liko mbele ya duka la dawa za ng'ombe, pale pikipiki za maziwa zinapopinda kwenda Kitchanga. Hatujawahi kumaliza jambo lolote pale, ingawa hakuna ambalo hatujalianza. Jumatano ile termosi ya Mama Dancille, muuza chai wetu, ilikuwa imejaa na sisi tulikuwa wanne. Kagabo tunamwita Bidon, kwa sababu ya bidoni za maziwa anazobeba kwenye pikipiki. Sebarenzi ni shemasi wa Waadventista; kwa koti lake tunamwita Ministre, yaani waziri. Nsengimana, fundi wa simu, ni Satellite. Mimi kazi yangu ni kusikiliza na kunywa. Bidon alikuja na karatasi, na uso wa mtu aliyeitwa ofisini.

Bidon: — Bibi yangu Verdiane ameandika siku saba. Anasema nijaze chakula ya kila siku, na siku zenye nitakulaka ku nyumba. Kama sirudishe karatasi mbele soko ifunge, anapika yake na ya batoto tu. Miye nibakie kwa Mama Généreuse.

Mama Généreuse ana malewa yake, mgahawa wa turubai, hatua ishirini kutoka benchi. Bidon anakula pale mchana na jioni, kisha anafika nyumbani na kusema ameshiba.

Ministre: — Hiyo iko neno ndogo. Leta kalamu. Siku ya kwanza, nyama. Bibi ajue nyumba iko na mukubwa.

Satellite: — Andika sambaza, samaki ndogo ya ziwa. Nyama inalalisha muntu, na muntu mwenye kulala hasikiake simu.

Bidon: — Sambaza hapana. Zinanishinda.

Ministre: — Basi sombe. Saa ine anatwanga, saa sita tunakula.

Nikamwambia sombe, yaani kisamvu, ya kutwangwa saa nne haiwezi kuiva saa sita. Aliniangalia kama nimemkatiza maombi, akaandika sombe.

Satellite: — Munajua hii programu inatoka wapi? Bamama ba kwaya bako na groupe ya WhatsApp. Leo iko kwa Bidon, wiki ya kesho Burungu nzima. Siku yenye banasema mboga ya lengalenga, shiye bote ni lengalenga.

Ministre: — Hata serikali haijafikaka pale.

Satellite: — Na moshi itapanda ku nyumba zote saa moja. Drone iko juu inahesabu moshi. Inajua Burungu inakula saa ngapi.

Bidon: — Ikishajua, inafanya nini?

Satellite: — Hiyo bado najifunza.

Ministre: — Dawa iko moja. Tuongeze siku ya munane. Wiki yao siku saba, yetu munane. Ile ya munane muntu anakula kwenye anataka.

Akaichora siku ya nane chini kabisa, kwa mstari ulionyooka. Halafu siku ya Sabato akaandika brochette, yaani mishikaki, za mbuzi, za moto. Bidon akamuuliza nani atawasha moto Sabato. Shemasi wetu akalikata lile neno moto polepole, bila kumtazama mtu.

Mwishoni mwa benchi alikaa mgeni, Élie, mleta mafuta ya ngazi, yaani mawese, kutoka Ntoto, upande wa Walikale. Alikuwa anangoja mnyororo wa pikipiki yake utengenezwe. Alikuwa amekunywa vikombe viwili.

Élie: — Samahani, ba Papa. Jana mangaribi batoto benu balikula nini?

Satellite akatoa simu mfukoni. Haikuwa imelia.

Ministre: — Balikula muzuri.

Élie: — Nini?

Ministre: — Chakula.

Élie akanigeukia mimi. Nina watoto sita. Nilinyanyua kikombe nikanywa, na kikombe kilikuwa kitupu. Niliona haya, nasema wazi.

Bidon ndiye aliyejibu.

Bidon: — Kwangu kunakuwaka sahani ku meza. Kila mangaribi nakuta ameifunika na ingine juu. Asubui haiko tena.

Élie: — Jana mulikuwa nini ndani?

Bidon: — Sijafunuaka.

Élie: — Jana?

Bidon: — Hata siku moja. Tangu mutoto wangu Christa alianza masomo ya primaire.

Élie: — Na sasa iko mu ya ngapi?

Bidon: — Ya ine.

Mama Dancille, aliyekuwa anamimina, akaacha kumimina. Nafikiri Élie alijuta kuuliza, maana aliinuka akaenda kuangalia mnyororo wake.

Bidon akachukua karatasi kutoka kwenye goti la Ministre, akaigeuza upande usioandikwa. Akaandika siku saba moja moja, na mbele ya kila siku akaandika maneno yaleyale: ile ya batoto. Akaacha pikipiki na bidoni zake palepale, akashuka kwa miguu na karatasi mkononi kuelekea sokoni, akitembea haraka.

Ministre: — Na siku ya munane?