Kichwa cha Veronika wa Akina Lontoc

Andika kwanza waliopo, wakili, na majina yawe kamili, pamoja na la ukoo wa mama. Purificacion Alcaraz Dimayuga, binti yangu wa kwanza, ameketi miguuni pa kitanda. Restituto Alcaraz Dimayuga, mwanangu wa kiume, amesimama dirishani kwa sababu hataki kukaa. Wewe mwenyewe, Gaudencio Pasco Alvero. Na mimi, Leoncio Catindig Dimayuga, mwalimu mstaafu, mwenye akili timamu na pumzi chache. Felisa, mke wa Restituto, hayupo, usimwandike. Nimemtuma ng'ambo ya mto tangu asubuhi akamlete Consolacion Lontoc. Leo ni Jumapili ya Matawi, mwaka 1971. Hiyo si pikipiki langoni? Tazama, Restituto. Siyo? Haya.

Nyumba hii ni ya Purificacion. Minazi yote ni ya Restituto. Hayo hayana maneno. Lenye maneno ni Mtakatifu Veronika aliye sebuleni, ambaye kila Jumatano Kuu tunamvika na kumsukuma kwenye gari lake katika maandamano, pamoja na shamba la mpunga linalomfuata, maana kwetu mwenye sanamu ndiye mwenye shamba, na mavuno yake ndiyo maua, mishumaa na chakula cha wasukumaji. Najua, Restituto, kwamba mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Manila amekwisha kuja mara mbili. Kaa chini. Veronika si wetu.

Nimewaambia siku zote kwamba nilimnunua Manila mwaka 1947. Ni uongo. Desemba 1944, Wajapani walipoanza kuchoma nyumba, Hilarion Lontoc alifanya kama walivyofanya wote wenye watakatifu: alikitenga kiwiliwili cha mbao akakiacha, akaniletea kichwa na mikono ya pembe ya ndovu ndani ya mtungi wa mchele. Akasema, "Mwalimu, nikirudi nipe mimi, nisiporudi mpe Choleng." Hakurudi. Choleng, yaani huyo Consolacion Macaraeg Lontoc, binti yake, alikuja vita vilipokwisha, hana hata viatu, nikamwambia mtungi uliungua pamoja na shule. Haukuungua. Ulikuwa chini ya ngazi hii mnayopanda kila siku.

Mama yenu alikuwa ameweka nadhiri kwamba Purificacion akipona malaria tutalitolea kanisa mtakatifu wa maandamano. Purificacion akapona, na mshahara wangu haukutosha kununua hata kidole kimoja cha pembe. Nikajiambia nitamwazima mwaka mmoja tu. Tukakata nywele zako, Puring, tukamvisha yeye. Usilie. Nywele zilikuwa halali. Kichwa ndicho hakikuwa.

Maandamano ya kwanza, Choleng akasimama mbele ya gari uwanjani, mshumaa mkononi haujawashwa. "Mwalimu," akasema, "huyu wako ana ufa chini ya sikio la kushoto, kama wetu."

Nikamjibu watu wakisikia: "Watakatifu hufanana, Choleng. Wachongaji ni walewale."

"Na ufa nao huchongwa? Mimi ndiye niliyemwangusha nikiwa na miaka sita. Nilichapwa mpaka nikashindwa kukaa!"

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda, nikasema, "Mwacheni, njaa ya vita imempanda kichwani." Tangu siku hiyo mji ukamwita Choleng wa Ufa. Hata watoto wa darasa langu walimwita hivyo barabarani, nikisikia, na mimi niliyewachapa kwa kukosea jina la gavana sikuwachapa kwa hilo. Hakuolewa, hana mtoto. Kila Jumatano Kuu husimama kwenye kona ya duka la dawa, humtazama Veronika, mimi hanitazami.

Unanong'ona nini, Restituto? Sema nisikie. "Arudishiwe kichwa, Baba, lakini shamba si tulilinunua wenyewe?" Ndiyo, nililinunua mimi. Na amenyimwa kumvika miaka ishirini na minne, kwa hiyo shamba linakwenda naye. Ukinong'ona tena wakili ataandika na minazi.

Felisa anachelewa. Mto hauna maji mengi hivyo.

Sasa shikeni haya. Jumatano gari litoke mlangoni kwa Choleng, lisitoke kwetu. Ng'oeni kile kibao chenye jina la Dimayuga. Yeye atembee nyuma ya Veronika, mahali pa mwenyewe, na ninyi wawili msukume kwa mikono yenu, msiajiri mtu. Mkifika kwenye kona ya duka la dawa, simamisheni gari, mseme kwa sauti kwamba baba yenu alidanganya na Choleng alisema kweli. Padre akiwaharakisha, msiharakishwe. Lakini leo, nikiwa ningali na ulimi, nataka kumwambia mimi mwenyewe, hapa, akiwa amekaa kwenye kiti hicho. Msikiondoe.

Nipe maji... Basi. Njooni niwabariki, mguse mkono wangu kwa paji la uso, Puring kwanza. Mungu akuwekee afya yako. Na wewe, Restituto... Mungu akupe... akupe watoto watakaokubishia kama ulivyonibishia, ili usizeeke peke yako. Mkono hauinuki. Uinue wewe.

Nani huyo ngazini? Felisa. Mbona peke yako? Karibia, sikusikii. Tena, polepole.

Andika, wakili. Consolacion Macaraeg Lontoc alifariki jana, saa nane mchana.