Historia ya Papa Onésime Havugimana, Aliyefukua Bomba la Vichwa Vinne

Bwana Paroko, shefu wetu wa avenye hii tunayokaa, Muzee Ferdinand, wakwe, majirani wa Murara, ndugu mliotoka Rutshuru kwa njia hii mbaya, na ninyi pia ambao hamkumjua marehemu lakini mulisikia harufu ya chungu, wote mukaribie, familia imemuomba dada yake mukubwa, Mama Dancille Nyirarukundo, awasomee maisha ya mutu wetu, naye amekubali kwa sharti kwamba hakuna atakayemukatiza.

Papa Onésime Havugimana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 pale Rugari, Rutshuru, mutoto wa tatu wa Muzee Tuyisenge, mufuga ng'ombe, na wa mama yetu Apolline, na inasemekana alitoka tumboni amekunja ngumi, wazee wakasema huyu atashika nyundo.

Shule ya primeri aliianza mwaka 1959, akafika darasa la nne, akaacha mwaka 1963, kwa vita vya wakati ule, tunavyosema mbele ya wageni, ingawa wa nyumbani wanajua kwamba alimufungia mwalimu ndani ya choo na akaogopa kurudi kumufungulia.

Mwaka 1968 alishuka Goma kwa miguu, akajifunza kazi ya umasoni, ya kujenga kwa mawe, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza upya Bomba la Vichwa Vinne hapa Murara, lile la mawe meusi lililojengwa mwaka 1957, ambalo maji yalitoka katika midomo ya mbogo wanne wa mawe, na muji muzima ulilitumia kuelekezana njia, hata mulevi aliyesahau jina lake alijua kusema anakaa juu ya bomba au chini ya bomba. Kuanzia siku ile alilitunza kama ng'ombe wa baba yake, akiziba nyufa na kusugua pembe, na hakuna aliyemutuma.

Pale bombani ndipo alipomuona Cibalonza, binti wa fundi cherehani aliyetoka Kabare, aliyepita kila asubuhi na bidoni ya maji mugongoni, akisali rozari ili asiwatazame wamasoni, na Onésime akasema kwa sauti, «Huyu dada anasali sana, sijui ni zambi gani anaungama,» naye akajibu bila kugeuka, «Namuombea masoni mumoja apate sabuni.» Walifunga ndoa tarehe 21 Julai 1979, wakapata watoto watano, ambao ni Florent, Henriette, Luc, Charline na Fabiola, wote wako hapa, na Luc amefika kwa wakati, mushukuruni Mungu.

Julai 1994, wakimbizi walipovuka mupaka wakajaza muji hadi kwenye ngazi za nyumba zetu, na kipindupindu kikawa kinawaangusha njiani, Papa Onésime alikaa pale bombani siku ishirini na moja, akipanga mustari, wagonjwa mbele, wenye nguvu nyuma, na mwanajeshi mumoja aliyetaka kupita mbele aliambiwa, «Muzee, bunduki yako haina kiu, ngojea,» akangojea. Vita vya 1996 vilipita, vya 1998 vikapita, bomba likabaki.

Halafu tarehe 17 Januari 2002 volkano ikashuka, lava ikalifunika bomba zima, pembe na vyote, ikaziba nyumba na barabara, na mutaa wetu ukapanda juu kwa kimo cha mutu. Tuliporudi kutoka ukimbizini, mawe yakiwa bado yanachoma soli za viatu, hapakuwa na ua wala mupaka, kila mutu alitafuta parseli yake, kiwanja chake, kwa kukumbuka tu, na munajua namna mutu anavyokumbuka parseli yake, hakuna hata moja iliyokonda. Nasema hili taratibu, kwa sababu tutalirudia.

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa ambao hawajui mbogo wa mawe, na Papa Onésime akawa hapati usingizi, akisema muji uliofukia bomba lake utajisahau wenyewe, hadi mwaka 2009 alipokwenda kwa shefu Ferdinand akaomba salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja, watu wote watoke na nyundo na baramina za chuma walifukue. Shefu aliuliza tutachimba wapi, maana hata yeye hajui tena mulango wake wa zamani ulitazama upande gani, na Onésime akaweka jina lake juu ya meza, akasema, «Mimi ndiye masoni wake, bomba lilikuwa hatua sita chini ya ukuta wa dada yangu Dancille, tukikosa muniite muongo.»

Walianza tarehe 6 Juni 2009, wakapima hatua sita kutoka ukuta wa nyumba ya mbao ya Dancille, wakapasua lava Jumamosi tano, wanaume wakipiga, wanawake wakibeba mawe, Dancille akiwaletea chai ya tangawizi, na kila walipouliza kama kweli ni hapa, Onésime alijibu, «Ni hapa hapa,» ndipo watoto wakamupa lile jina la Papa Hapa-Hapa, ambalo nimelisikia hata leo asubuhi pale penye viti vya nyuma, sitataja mutu, amevaa koti la kijani.

Jumamosi ya tano, tarehe 4 Julai, baramina iligonga chuma, watu wakapiga vigelegele, na kilichotoka hakikuwa bomba, kilikuwa kitanda, kimepinda kama mukia wa mbuzi, mbele ya wanawake wote wa avenye, na maneno yaliyosemwa juu ya kitanda kile yangetosha kujaza gazeti, kila mwanamuke alimutazama bwana yake, wengine walitaja jina la mujane fulani, wengine jina la shefu. Papa Onésime aliinama, akakishika muguu mumoja, akaupangusa vumbi, kisha akapanda juu akasema, «Kitanda hiki sikijui, na njia nimeipoteza mimi, musamaha.» Watu walicheka hadi jioni, na wengine waliapa hawatarudi.

Jumamosi ya tarehe 1 Agosti walirudi kumi na wawili tu. Onésime alimuleta bibi yake Cibalonza kwenye ngazi za chapeli, ambazo lava iliziacha, kwa sababu wakati wa usichana wake alikuwa anaanza rozari pale na kumaliza makumi matatu ya Salamu Maria akifika bombani. Cibalonza akabeba bidoni tupu, akaanza kusali na kutembea, watu wakimufuata kama pelerinaji ya mahujaji, mumoja akasema, «Mama, unaenda polepole, sasa umezeeka,» akamujibu katikati ya Salamu Maria, «Wakati ule nilikuwa nakimbia, alikuwa ananiangalia,» akaongeza mwendo, na Salamu Maria ya mwisho ilipokwisha, akainua macho, bwana yake alikuwa amekwishasimama palepale, na baramina mukononi.

Tarehe 29 Agosti pembe ya kwanza ilitokea. Mbogo watatu walikuwa wazima, wa nne alipasuka, Onésime akachonga mwingine kwa jiwe lililotoka Kibati kwa chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, na kama sura yake inamufanana shefu Ferdinand, shefu mwenyewe ameridhika. Walijenga ngazi saba za kushukia, na tarehe 12 Februari 2011 maji yakatoka katika midomo yote minne, Cibalonza akajaza bidoni ya kwanza. Vita vya 2012 viliacha tundu la risasi kwenye pembe moja, Onésime akakataa kuliziba, na leo wahamaji wa vita hivi, ambavyo munasikia mizinga yake upande wa Sake, wanachota pale pamoja na sisi. Lakini jina la Papa Hapa-Hapa lilimushika miaka kumi na minne, watu wakisema masoni alipotea, bibi ndiye aliyeona.

Mwaka jana tansion ya damu ilimupanda, figo zikachoka, akalazwa hospitali tarehe 22 Januari mwaka huu. Jumatatu tarehe 5 Februari alimuita dada yake, akamuambia, «Dada, muguu wa kile kitanda ulikuwa wa kipande cha bomba la maji, niliuweka mimi mwenyewe mwaka 1988, kwenye chumba chako cha kulala.»

Ndiyo. Kitanda kilikuwa cha Dancille, mujane fulani ni huyu anayewasomea, na nyumba yake, baada ya lava, ilipanda hatua kumi na tano kuelekea lami, ikaziba njia ya bombani, kwa sababu kwenye lami ndiko mikate yake inauzwa. Onésime alijua palepale shimoni, akahesabu zile hatua kumi na tano kimyakimya, na akatafuta rozari ya bibi yake ili watu wafike bila kuuliza nyumba ya nani ilitembea. Dada alipomuuliza kwa nini amebeba kicheko cha watu miaka yote hiyo, alisema, «Zile hatua zilikuwa zinakulisha wewe na wajukuu, na mimi jina halikunipunguzia chakula.» Alitutoka Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa tisa muchana, akiwa na miaka 71, akiacha mujane, watoto watano na wajukuu kumi na wanane.

Kwa hiyo muandike mioyoni kwamba masoni hakupotea, alipima sawa, ukuta ndio ulidanganya. Na mulioshangaa asubuhi kuona Florent anabomoa mbao za duka langu la mikate, sasa munajua, jeneza litapita pale, moja kwa moja kutoka lami hadi bombani, na baada ya jeneza njia itabaki ya wenye bidoni. Walio na parseli zilizonenepa, siwaombi kitu, natazama tu.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na manesi waliomuhudumia, majirani waliokesha, wamasoni wenzake waliojenga kaburi bila kuitwa, na wanawake wa mustari wa maji, walionyamaza leo jeneza lilipotolewa nyumbani, kitu ambacho hakijawahi kuonekana Murara.

Mudogo wangu, nenda upumzike kwa amani, ni hapa hapa.