Kazi Yake Alimpa Mpinzani Airudie

Marehemu dada yetu alikuwa na kanuni ambayo hakuivunja: kazi yake ya maabara haikutangazwa kabla ya kurudiwa na mtu asiyeiamini. "Ukimpa rafiki akukague," alisema, "atakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alifunga ndoa mwaka 1990 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 1993 alihitimu shahada ya uzamivu katika biolojia.

Alichunguza jinsi seli zinavyojiua. Ndani ya seli mna vimeng'enya viitwavyo kinasi. Vikiwashwa hupeleka amri, na mojawapo ni amri ya kufa. Mama alimuuliza, "Yaani nimekusomesha ukaangalie vitu vinavyokufa?" Dada akatanua vidole. "Mama, tumboni mwako hivi vilikuwa vimeungana. Seli za katikati zisingekubali kufa, ungezaa bata!" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2006 alikuwa ameandika makala kwamba kinasi fulani ndiyo inayoua seli za uvimbe. Jarida lilishaikubali, na uprofesa ulitegemea makala hiyo. Hata hivyo alimpa kazi mwenzake aliyempinga katika kila kikao, tuliyemwita Bwana Haiwezekani. Huyo akarudi na majibu: seli zilianza kufa kabla kinasi haijawashwa.

"Kinasi yako haikuua, dada. Ilikuja kuzika tu."

Alirudia mwenyewe, akaona vilevile.

Shemeji alimsihi, "Mama watoto, si unyamaze kwanza cheo kitoke?"

"Kuna mgonjwa atapewa dawa kwa neno langu, baba. Nikamwambie nini?"

Wengi wetu tungenyamaza, tena tungejiita wenye busara. Yeye aliiondoa makala kesho yake.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Bwana Haiwezekani alikuja hospitalini kila Jumapili, wakabishana mpaka muuguzi akawanyamazisha. Alifariki tarehe 2 Oktoba, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, nasi wadogo zake. Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema.

Kanuni yake ilimnyima uprofesa, na hakuupata mpaka anaingia kaburini.