Stoyna Kuneva, Aliyewaachia Nyuki Maua

Baba Padri, ndugu na majirani wa Gorna Cheshma, mimi ni Radko, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye Mungu alitujalia na jana amemtwaa.

Stoyna alizaliwa tarehe 3 Novemba 1951 hapa hapa kijijini, mtoto wa kwanza wa Rade na Tsveta, wavunaji wa waridi. Alisoma shule ya msingi hapa, kisha shule ya kilimo mjini Kazanlak, akahitimu mwaka 1969, akaajiriwa katika kiwanda cha mafuta ya waridi, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 14 Oktoba 1973 aliolewa na Minko Kunev, mfuga nyuki, wakajaliwa binti mmoja, Milka.

Minko alifariki Machi 2011, akamwachia mizinga, na dada alipoona kwamba kila Julai, waridi la bondeni likishakwisha, nyuki wanarudi bila chavua ya kulishia watoto wao, moyo ulimuuma. Akaanza kuchanganya waridi letu, linalochanua mara moja tu kwa mwaka, na waridi fupi la kupandwa kwenye chungu, lenye petali tano na lisilochoka kuchanua, akapanda mbegu, akang'oa miche mirefu na ile yenye petali nyingi zilizowafungia nyuki mlango, akapanda tena, miaka ikapita, hadi ukabaki mche mmoja usiozidi goti, maua yake wazi kama visahani.

Mnajua desturi yetu, mwezi Mei tunachuma kabla jua halijakausha umande, na anayeacha maua mtini huitwa mvivu. Jirani yetu Lalka, akipita na gunia, alimwita kwenye uzio, "We Stoyna, jua limechomoza na maua yako bado yamelala! Siku hizi umekuwa bibi mkubwa?" Naye akamjibu, "Niache, shoga, haya yana wenyewe, na wenyewe hawaamki kabla ya jua."

Tarehe 16 Mei mwaka huu 2023, dada alilazwa hospitalini Stara Zagora kwa maradhi ya moyo, na Lalka, kwa upendo, akiona vibaya mavuno ya mgonjwa yapotee, aliingia bustanini alfajiri akachuma kila ua na kila tumba, hata ya mche ule mmoja, uliochanua kwa mara ya kwanza Mei hiyo. Dada aliporudi alikuta majani matupu, na daktari alikuwa amekwisha kutuambia kwamba hataiona Mei nyingine. Lalka alilia, "Nimekuua, shoga yangu." Dada akamshika mkono, "Acha ujinga. Kama mche ni wa kweli utachanua tena, na kama si wa kweli, bora nijue."

Tukangoja na kuomba. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona waridi lenye harufu ya bonde hili likichanua kiangazi. Jumapili ya tarehe 16 Julai, tulipotoka kanisani, Milka alipiga kelele kutoka bustanini, "Mjomba, mlete mama, mlete na kiti chake!" Mvumo tuliusikia kabla hatujafika. Mche mzima ulikuwa umefunikwa na maua, na nyuki wamo ndani, wakijigaragaza mpaka wakawa wa njano. Baba Padri alivua kofia. Lalka alifanya ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ndogo, "Mara hii siyagusi." Dada akacheka, "Thubutu, nikukate mikono!" Kisha akasema, "Mimi nilichagua tu. Aliyefanya ni Yeye."

Alifariki nyumbani, alfajiri ya jana, tarehe 29 Julai, dirisha likiwa wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, majirani mliopika ngano ya mazishi, na Lalka, aliyelala sakafuni kando ya kitanda cha dada hadi mwisho.

Mmeliona jeneza halina waridi lake hata moja. Asubuhi Milka alitoka na mkasi, akasimama mbele ya mche, akarudi mikono mitupu, kwa sababu nyuki walikuwa kazini.

Dada, pumzika kwa amani ya Bwana.