Nyumba Tuliyoigawa kwa Chaki

Nianze kwa kukiri, maana Mwenyezi Mungu anajua hata nisipoandika. Siku ile kwenye benchi letu la kona, pale ninaposhona viatu, mwongo nilikuwa mimi. Tulikuwa wanne na muuza kahawa na birika lake. Risiti, mtunza stoo mstaafu asiyetupa karatasi hata ya dawa. Betri, anayechaji simu za watu na mwenyewe haishiwi chaji ya maneno. Baba Pacha, ambaye kiwanda cha sabuni kilimwachisha kazi baada ya miaka kumi na tisa. Na mimi, Fundi Soli. Biashara zote mtaani zilikuwa zimelala, isipokuwa yangu. Mtu asiyeweza kununua viatu huleta vya zamani nivitie soli. Niliwahi kumshukuru Mungu kwa hali ngumu ya wenzangu, halafu nikaomba msamaha haraka haraka. Basi asubuhi hiyo Baba Pacha akatuambia amepata nyumba ya kununua apangishe, ile ya geti la kijani, bei ya kutupa. Mwenye nyumba angempigia simu saa sita kamili kupata jibu. Asipokubali, inakwenda kwa mtu mwingine.

Baba Pacha: Ndugu zangu, hiki ni kiinua mgongo changu. Sina kiwanda kingine cha kunifukuza. Niambieni, nichukue au niache?

Risiti: Chukua! Unauliza nini? Wakati mgumu ndio wakati wa kununua. Watu wanauza nyumba, sio?

Baba Pacha: Wanauza.

Risiti: Aliyeuza nyumba analala wapi? Anapanga! Kila nyumba inayouzwa inazaa mpangaji. Hali ikizidi kuwa mbaya, wewe unazidi kutajirika.

Betri: Mzee, leo umeamka na akili mbili.

Baba Pacha: Lakini huyo mpangaji atanilipa nini, na kazi hakuna?

Betri: Baba Pacha, mtu anaacha nyama, anaacha soda, anaacha hata kunyoa. Umeona nani ameacha kulala?

Muuza kahawa: Mimi nimeacha. Nawaza madeni.

Betri: Wewe mimina kahawa. Nyumba ina vyumba vingapi?

Hapo ndipo niliponaswa. Baba Pacha alikuwa anasitasita, na mimi napenda kuonekana mtu anayejua mambo. Nikasema naijua nyumba ile, nimeingia mpaka ndani. Nikachukua chaki ninayowekea alama kwenye soli, nikapiga magoti, nikachora sakafuni mbele ya benchi: sebule, vyumba vinne, korido katikati. Nilichora kwa madaha kama mhandisi. Kwenye kona ya nyuma nikaweka kiboksi kidogo, kwa sababu kutoka barabarani niliwahi kuona kidirisha kidogo juu juu upande ule.

Baba Pacha: Kumbe umeingia? Alhamdulillahi. Mimi jamaa alinionyesha kutoka getini tu. Alisema mkewe anaumwa, tusimsumbue.

Betri: Vyumba vinne ni ubadhirifu. Leta chaki hapa. Unaweka mbao nyembamba katikati, kimoja kinakuwa viwili. Vinane hivyo. Sebule nayo inatoa viwili. Kumi!

Risiti: Na korido? Korido yote hiyo watu wapite tu bure?

Betri: Kata! Kumi na kimoja.

Baba Pacha: Watapitia wapi sasa?

Betri: Madirishani. Hali ngumu hii, mzee, mtu hachagui mlango.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kikombe. Mimi nilichora ukuta wa korido. Mungu anisamehe, nilichora na kupuliza vumbi la chaki pembeni mistari ikae vizuri.

Risiti: Bado mnawaza kizamani. Mlinzi analala mchana, sio? Mwoka mikate analala jioni. Kitanda kimoja, wapangaji wawili. Huyu akitoka, huyu anaingia. Godoro halipoi.

Betri: Ishirini na wawili!

Baba Pacha: Na siku mlinzi akiugua?

Risiti: Watazoeana.

Betri: Na hiki kiboksi cha nyuma, Fundi, ni nini?

Mimi: Ni... kidogo tu.

Betri: Kidogo ndicho anachotaka bachela! Mwenye kidogo hana wageni, hana meza, hana maneno. Kumi na viwili hivyo. Zidisha kwa zamu: ishirini na nne.

Baba Pacha alikuwa ameanza kutabasamu, na tabasamu lake ndilo lililonichoma. Tangu kiwanda kimfukuze sikuwa nimeliona. Akakaa vizuri, akakunja nne.

Baba Pacha: Kwa hiyo nikipata ishirini na nne, naweza kununua na nyumba ya pili.

Risiti: Ya pili? Utanunua mtaa! Na mpangaji wako wa kwanza unaye tayari: huyo huyo anayekuuzia. Atalala wapi? Mpe chumba kimoja cha nyumba yake mwenyewe.

Betri: Na kwa kuwa anaijua, asilalamike bomba likivuja.

Risiti: Mimi Baba Pacha unipe hiki cha dirisha la mbele. Rafiki yako wa miaka mingi.

Betri: Hicho nilikitaka mimi! Mimi nina simu za watu, nahitaji mwanga.

Risiti: Simu zinahitaji umeme, mwanga wa nini? Mwache mzee aone barabara.

Betri: Barabara umeiona miaka sitini, imekupa nini?

Wakashikana maneno kweli kweli juu ya dirisha la chaki. Risiti alihamia upande wa pili wa benchi, akampa Betri mgongo. Saa ilikuwa inakaribia sita, na Baba Pacha alikuwa ameshaweka simu gotini, anaisubiri kama mtu anayesubiri posa ijibiwe.

Ndipo akaja dada mmoja, begi begani na ndoo mkononi, ndani ya ndoo sufuria na kandambili. Akasimama pembeni ya mchoro asiukanyage.

Dada: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Dada: Nimehamishiwa zahanati ya hapa, natafuta chumba. Nimesikia mnataja nyumba. Ndiyo hii?

Betri: Karibu, binti! Ndiyo hii. Mwenye nyumba huyu hapa. Kuna vya mchana na vya usiku.

Dada aliinama, akausoma mchoro wote taratibu, chumba kwa chumba, kidole kikifuata mistari yangu.

Dada: Na choo kiko wapi?

Risiti akageuka, akasahau kwamba amenuna. Wote wakaangalia kiboksi cha nyuma, tulichokwisha kumpa bachela na mwenzake wa zamu. Halafu wakaniangalia mimi.

Baba Pacha: Fundi. Wewe uliingia. Choo kiko wapi?

Adhana ya adhuhuri haikuwa mbali, na nilijua sitaweza kusimama kwenye safu na uongo ule kifuani.

Mimi: Baba Pacha, nisamehe. Sijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Viatu vyao vya kushona nilivipokelea barazani. Hivi vyumba nimevitoa kichwani.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alitazama tu ule mtaa wake wa chaki. Simu ikaita. Akaiweka sauti ya juu tusikie wote.

Baba Pacha: Bwana, kabla sijakujibu, naomba jambo moja. Choo cha hiyo nyumba kiko wapi?

Tulisikia jamaa anakohoa, halafu mlango ukifungwa upande wake.

Sauti ya simu: Ah, mzee wangu, hayo ni madogo. Tukubaliane bei kwanza, ukishalipa tutaongea.

Baba Pacha: Basi mpe huyo mwingine.

Akakata simu, akafunga kifungo cha mfuko wa shati kana kwamba kiinua mgongo chote kimo humo. Muuza kahawa akageuza birika. Halikutoa hata tone. Betri akanong'ona kwamba dirisha, kwa vyovyote, alilitaja yeye kwanza.

Nikainuka nifute mchoro kwa soli ya kiatu. Baba Pacha akanishika mkono.

Baba Pacha: Usifute. Dada huyu bado hana pa kulala, na mimi bado nataka nyumba. Chora nyingine, Fundi. Safari hii uanze na choo.

Sikuchora. Nilitia chaki kwenye sanduku la misumari, nikalifunga. Nikamwambia tukitoka kuswali twende wote, na kila nyumba tutakayoambiwa inauzwa, mimi ndiye nitakayegonga mlango na kuomba kutumia choo.